Skuta iliyokuwa ikipona ikifika kwa fundi

Mara ya kwanza skuta yangu ilinitenda Kibirizi, hapa Kigoma, jua likielekea kuzama upande wa Kongo. Nilikuwa natoka kununua dagaa. Kiroba nimekibana kwenye sehemu ya miguu, kidumu cha mawese cha lita 5 kinaning'inia kwenye ndoano chini ya usukani, na mimi mwenyewe nimo ndani ya dera. Nikakaa, nikabana breki, nikabonyeza selfu. Ikajibu "tik". Basi. Nikabonyeza tena, tik. Taa ya mbele inawaka, honi inalia mpaka kuku wanakimbia, lakini injini haishtuki.

Kiki ipo, ndiyo, ila iko ubavuni kushoto karibu na gurudumu la nyuma, na kuipiga vizuri lazima ushuke, uipandishe skuta kwenye stendi kubwa, ukunje nguo, ndipo ukanyage. Vijana wa bodaboda pale kijiweni waliacha ubishi wao wa Simba na Yanga wakageuka wote kunitazama. Mmoja akapaza sauti, "Dokta, mgonjwa kazidiwa leo?"

Mimi si daktari. Nauza dawa kwenye duka la dawa muhimu kule Ujiji, na kuwasahihisha watu nimeshachoka. Nilikanyaga mara nne, ya tano ikawaka, nikapanda nayo hadi Mwanga bila kuizima, hata niliposimama kununua mkate niliiacha inanguruma nje huku jicho langu likiwa mlangoni.

Skuta yenyewe niliinunua mwaka 2021 kwa mwalimu aliyekuwa anahamishwa. Ndogo tu, ya sisi 110, rangi ya maziwa, imeshapita mikono ya watu wawili kabla yangu. Dada yangu alinicheka, akasema kwa hela ile ningepata pikipiki ya maana inayopanda mlima na magunia mawili. Lakini mimi nilikuwa na sababu zangu: haina gia, na inawaka kwa kidole. Ukivaa gauni siku sita kwa wiki, kwenye mji wenye miinuko kama huu wetu, kuwaka kwa kidole si anasa. Ndiyo maana selfu ilipoanza kugoma niliona kama nimeuziwa nusu ya kitu.

Jumatatu asubuhi nikaipeleka kwa fundi, kijana mmoja wa jirani na soko la Mwanga mwenye mikono myepesi na maneno machache. Akaipandisha kwenye stendi kubwa, akabana breki, akabonyeza. Ikawaka hata kabla hajaondoa kidole. Akazima, akarudia. Ikawaka. Mara ya tatu, ikawaka.

"Dokta, hii nzima."

Nilipata ile aibu ya mama aliyekesha na mtoto anayelia usiku kucha, halafu wakifika zahanati mtoto anamchekea nesi.

Wiki ile ile ikanigomea tena mara mbili, mara moja Ujiji chini ya mwembe karibu na makumbusho ya Livingstone, wageni wakipiga picha, mara nyingine stesheni, nilipompeleka shangazi kuwahi treni. Nikaanza kuchunguza mwenendo wake kama ninavyowachunguza wateja wangu. Asubuhi nyumbani haijawahi kukataa hata siku moja. Ikishatembea, ikapumzika kidogo, nikirudi kuiwasha, hapo ndipo inaleta maneno. Nikajiona nimegundua jambo kubwa. Nikamwambia fundi: ikipata moto inagoma.

Sentensi ile ilinigharimu miezi minne.

Fundi alisikia neno "moto" akasema betri imechoka, ikipata joto inakosa nguvu. Betri mpya, 45,000. Ya zamani nikaiuza kwa wanunuzi wa chakavu kwa elfu tano, na bado naiwaza. Siku nne za raha, ya tano ikarudi kwenye tik yake. Akasema basi ni rilei, ile ndude ndogo inayopokea amri ya kidole na kuufungulia umeme mkubwa uende kwenye mota. Rilei, 12,000. Haikusaidia hata siku moja. Ikabaki mota yenyewe ya selfu. Akaifungua mbele yangu, akanionyesha kaboni, vile vipande vinavyogusa sehemu inayozunguka na kuipa umeme, zimelika hadi nusu na vumbi jeusi limejaa ndani. Kaboni za mota ile hazikupatikana hapa mjini, na sisi tuko mwisho wa reli; kisichopatikana hapa ni kusubiri kifurushi kutoka Dar. Tukasubiri siku tisa. Alipozifunga, mota ilizunguka kwa mlio mpya kabisa, mkavu, wenye hasira. Nilifurahi nikampa na elfu mbili ya soda.

Jioni ile nikashuka Kibirizi kwa makusudi, kujionyesha kwa wale vijana. Nikanunua dagaa, nikakaa, nikabonyeza.

Tik.

Nilipofika nyumbani nikachukua daftari la madeni ya duka nikapiga hesabu ukurasa wa nyuma. Betri 45,000, rilei 12,000, kaboni 15,000, nauli ya kifurushi 5,000, ufundi wa mara zote 20,000. Jumla 97,000, soda sijaiweka. Nikakumbuka kwamba asubuhi ile ile alikuja mama mmoja dukani akaniambia, "Nipe mseto." Nikamuuliza amepima? Akasema dalili zake anazijua mwenyewe. Nikamkatalia, nikamwambia aende zahanati akatobolewe kidole, majibu ni dakika kumi na tano, ishirini, si malaria kila homa. Alikasirika akaondoka. Mimi niliyemkatalia yule mama nilikuwa nimeinywesha skuta yangu dozi tatu tofauti, na kipimo pekee ilichowahi kupimwa ni kibalbu cha wati 5 chenye nyaya mbili ambacho fundi alikigusisha huku na huku, kikawaka, akasema umeme upo.

Mtaa wa nyuma yetu anaishi mzee aliyestaafu reli. Alikuwa fundi umeme. Siku hizi hukaa barazani anatengeneza redio, pasi, na zile taa za sola ambazo wengine huzitupa. Sikuwahi kumfikiria kwa sababu si fundi pikipiki. Mume wangu ndiye aliyesema, "Kwani kinachokusumbua ni pikipiki au umeme?"

Nikaenda Jumapili baada ya ibada.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mmeamkaje huko?"

Tukasalimiana hadi tukamaliza, maana kwake ukikatisha salamu na kazi inakatika. Ndipo nikamweleza yote, betri, rilei, kaboni, joto. Alinisikiliza bila kuinuka wala kuitazama skuta. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Ikikataa, ukiwa umebonyeza, taa ya mbele inafifia?"

Nilifikiri kidogo. Haififii. Inabaki vilevile, nyeupe pe.

"Basi mota haijala. Ingekula, sahani ingepungua."

Akanifafanulia. Betri ikiwa dhaifu, ukibonyeza selfu taa inazimika nusu na rilei inalia tik-tik-tik-tik mfululizo kama cherehani, kwa sababu inashika, umeme unashuka, inaachia, unapanda, inashika tena. Tik moja yenye taa isiyotikisika ni habari nyingine kabisa: amri ya kidole imefika, mlango umefunguliwa, ila hakuna umeme uliopita. Njia imekatika mahali fulani kati ya betri na mota, ama kwenda ama kurudi. Kwa hiyo betri niliyoinunua kwa 45,000 ilikuwa imeshatolewa hatiani tangu jioni ile ya kwanza Kibirizi, na shahidi ilikuwa taa iliyokuwa inanimulikia miguu.

Hapo akainuka, akachukua mita yake ya kupimia umeme, ya njano, iliyofungwa na mpira wa tyubu, akaja uani.

"Asubuhi unaiwashia wapi?"

"Nyumbani, Babu."

"Nyumbani wapi? Inakuwa imekaaje?"

"Kwenye stendi kubwa. Naiwasha, inanguruma kidogo huku nafunga milango."

"Na kwa fundi?"

"Stendi kubwa."

"Na Kibirizi?"

Nikanyamaza. Kibirizi nakuwa nimekaa juu yake, kiroba mbele, stendi imekunjwa. Ujiji vilevile. Stesheni vilevile, tena na shangazi, ambaye si mwepesi.

Babu akamwita mjukuu wake, mvulana wa kidato cha pili, akatuambia tukae wote wawili. Nikabana breki, nikabonyeza. Tik. Tukashuka, tukaipandisha kwenye stendi kubwa, nikabonyeza: ikazunguka, ikawaka. Tukazima, tukakaa. Tik. Stendi, ikawaka. Tulifanya hivyo mara tatu, yule mvulana akaanza kucheka, mimi sikucheka. Injini ilikuwa ya moto muda wote huo. Joto halikuwa na kosa lolote. Nilichokuwa nimekiona kilikuwa cha kweli, asubuhi inakubali na mchana inakataa, ila sababu niliyoibandika juu yake ilikuwa yangu mwenyewe, na fundi akaipokea kwa sababu ilitoka kwa mtu anayeitwa Dokta.

Siri iko kwenye umbo la skuta. Kwenye pikipiki ya kawaida injini imefungwa kwenye fremu, haisogei. Kwenye skuta kama hii yangu, injini na gurudumu la nyuma ni kitu kimoja, vimeshikwa na fremu kwa mbele tu kama mlango unavyoshikwa na bawaba, na kwa nyuma kuna shokomzoba. Kila ukikaa, kila ukipita kwenye shimo, injini nzima inapanda na kushuka. Na waya wa ethi, ule mnene mweusi unaorudisha umeme wa mota kwenye kichwa hasi cha betri, upande mmoja umefungwa kwenye betri isiyosogea na upande wa pili kwenye injini inayosogea. Kwa hiyo unakunjwa palepale kila siku, kila shimo, miaka nenda rudi. Ukitaka kukata waya bila koleo unafanyaje? Unaukunja na kuukunjua.

Stendi kubwa ikiinua skuta, gurudumu la nyuma linaning'inia, waya unakaa mkao fulani na vile vijinyuzi vilivyobaki vinagusana. Ukikaa na kiroba chako, shokomzoba inabonyea, mkao unabadilika, vinaachana. Mafundi wote wanapimia kwenye stendi. Hawana makosa, ndiko kunakofanyika kazi. Lakini ndipo mgonjwa alipokuwa mzima.

Babu hakutaka tuishie kwenye maneno. Akaiweka mita kwenye volti za betri, ncha nyeusi akaishikisha kwenye kichwa hasi cha betri, ncha nyekundu kwenye chuma cha injini alipokwangua uchafu hadi kikang'aa. Hapo unapima ule waya tu. Ukibonyeza selfu, mita inatakiwa isome karibu na sifuri, kwa sababu ncha zote mbili ziko kwenye njia ileile ya kurudi, ikifika 0.3 anza kuuliza maswali. Skuta ikiwa kwenye stendi ikasoma 1.6, na mota inazunguka. Tulipokaa, ikasoma 12.1, mota kimya. Karibu umeme wote wa betri ulikuwa umekwama kwenye waya unaoonekana mzima kwa macho.

Kuthibitisha, akachukua waya mnene wa kuwashia gari, upande mmoja kwenye kichwa hasi, upande wa pili moja kwa moja kwenye chuma cha injini. Tukiwa bado tumekaa wawili nikabonyeza. Ikazunguka vizuri kuliko siku niliyoinunua.

Nilimuuliza kuhusu kile kibalbu, mbona kiliwaka kila mahali? Hapa Babu alichora kwa kijiti kwenye vumbi, na nitajitahidi kueleza kama alivyoeleza. Waya uliochoka tuseme umeleta ukinzani wa omu 0.1, kidogo mno hata mita ya kawaida haiwezi kuuona vizuri ukiipima kwa omu. Kibalbu cha wati 5 kinakula kama ampea 0.4. Zidisha: kinachopotea njiani ni volti 0.04, balbu inawaka kama kawaida na fundi anaridhika. Mota ya selfu inavuta mathalani ampea 40. Zidisha tena: volti 4 zimepotea njiani, mota inabaki na volti nane za kusukumia injini, na hiyo ni siku nzuri. "Daraja la miti mbuzi anapita," akasema, "usimwulize mbuzi kama lori litapita." Kipimo cha njia ya selfu kinafanywa selfu ikiwa imebonyezwa, la sivyo umempima mbuzi.

Waya wenyewe ulitoka kwa spana namba 10 na uvumilivu mwingi, maana skuta imevikwa plastiki kama mwali. Alifungua kichwa hasi cha betri kwanza, akamwonya mjukuu wake: ukianza na chanya, spana ikigusa fremu utaona radi mchana. Waya ulipokuwa mkononi mwangu niliupapasa, na pale unapokunjika, kama inchi tatu kutoka kwenye injini, ulikuwa laini, umelegea kama muwa uliotafunwa. Akauchana kwa wembe. Ndani ukatoka unga wa kijani. Mvua za Kigoma zinaanza Oktoba au Novemba na haziachii hadi Aprili au Mei, na maji yalikuwa yamepata upenyo kwenye ufa wa mpira, yakakaa humo na kula shaba. Tulihesabu nyuzi zilizobaki nzima. Saba. Zile nyingine zilivunjika vumbi mkononi.

Waya mpya nilinunua kwa mafundi umeme wa magari, na hapa Babu alikuwa na masharti. Usiwe ule wa kufungia nyumba, wenye shaba nene ngumu, maana huo ukikunjwa-kunjwa unakatika upesi zaidi ya huu tuliouzika. Uwe wa nyuzi nyingi nyembamba. Uwe mrefu kuliko wa zamani kwa vidole vinne, ulegee upinde kama kamba ya kuanikia nguo, ili injini ikishuka usivutwe. Lagi za shaba, vile vichwa vyenye tundu la boliti, kwenye ncha zibanwe kwa koleo lake, na akakataa kumwagia risasi, akasema risasi inapanda ndani ya nyuzi inazifanya kuwa fimbo, na fimbo inavunjika mwanzoni pake. Kwenye injini alikwangua rangi na kutu hadi chuma kikawa cheupe, akatia washa yenye meno, akakaza, na baada ya kukaza ndipo akapaka grisi juu.

Jirani aliyekuwa amekuja kushuhudia akauliza kwa nini tusipake mawese, yapo bure. Babu akamtazama kwa huruma. Mawese yana asidi yake, akasema, yataila hiyo shaba na kuleta kijani kingine, na usiku panya watakuja kumalizia waya. Kisha akatuhadithia habari za meli ya Liemba, ambazo kila mtoto wa Kigoma anazijua kwa namna yake, lakini yeye anazijua kwa upande wa grisi. Wajerumani walipoona vita imewaelemea mwaka 1916 waliizamisha meli yao wenyewe, wakati huo ikiitwa Graf von Goetzen, na kabla ya kuizamisha mafundi wakazipaka injini grisi nene kila mahali. Waingereza wakaja kuiinua mwaka 1924. Miaka minane tangu izamishwe, na injini zikafaa, meli ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. "Na wewe," akanigeukia, "unalia na mvua ya miezi sita."

Tulirudisha mita kama mwanzo. Kwenye stendi 0.1. Tumekaa wawili, 0.1. Akapima na betri, bila kuombwa: imepumzika 12.6, ukibonyeza selfu inashuka hadi 10.8, injini ikinguruma inapanda 14.1. Hapo ndipo nilipomkumbuka yule mnunuzi wa chakavu. Babu hakunisaidia. Aliniuliza tu, "Ile uliyoiuza ilikuwa inasoma ngapi?"

Waya, lagi na washa vilinigharimu 9,000. Hela ya ufundi aliikataa, akapokea sukari kilo mbili na dagaa, dagaa wale wale.

Kipande cha waya kilichochanwa nilikipeleka kwa yule kijana fundi. Sikwenda kugombana, ingawa njiani nilikuwa nimepanga maneno mawili matatu. Mwanzo aliona ninamsuta, akasema kaboni kweli zilikuwa zimelika, na ni kweli zilikuwa zimelika. Halafu akaushika waya, akaukunja pale laini, akaunusa sijui kwa nini, akauliza, "Kwa hiyo nikipima niikalie?" Siku hizi ana mita yake, nyekundu, anapima hadi betri za simu za wateja wanaosubiri.

Haikupita wiki tatu skuta ikagoma tena. Nilikuwa mbele ya duka, nataka kufunga, nimekaa, nabonyeza, na safari hii hakuna hata tik. Kimya cha makaburini. Zamani ningesema tatizo limerudi. Lakini tik na kimya si ndugu. Tik inasema amri imefika mlango umegoma. Kimya kinasema amri yenyewe haijafika. Na skuta haipokei amri ya selfu mpaka breki iwe imebanwa, ni usalama, kwa kuwa haina gia na ikiwaka huku umekaza mafuta inaweza kukuondokea. Chini ya kila mkono wa breki kuna kiswichi kidogo kinachowasha taa ya nyuma na kuiruhusu selfu kwa mpigo mmoja.

Nikamwomba mtoto wa jirani asimame nyuma. Nikabana breki ya kulia: "Haiwaki, shangazi." Ya kushoto: "Imewaka!" Nikiwa nimebana ya kushoto nikabonyeza selfu, injini ikawaka palepale. Mimi siku zote nabana ya kulia. Kwa hiyo ningeweza kuishi na ugonjwa ule mwaka mzima kwa kubadili mkono, lakini nilishapata kiburi. Nikakifungua kile kiswichi kwa bisibisi ndogo ya miwani. Kilikuwa kimeshikana kwa uchafu, vumbi na unyevu, na naapa kulikuwa na gamba la dagaa. Nikachukua pamba na spiriti kutoka rafuni kwangu, nikakisafisha kama kidonda, nikakiacha kikauke wakati nafunga hesabu za siku. Kikarudi kulia "ka" kinapobonyezwa. Spiriti niliiandika kwenye daftari, deni langu mwenyewe.

Mwaka uliofuata mvua zilikuja zikapita na selfu haikuniaibisha, si Kibirizi, si Ujiji. Vijana wa kijiweni wamehamia kunicheka kwa mambo mengine. Ila tangu mwezi uliopita, nikipanda kutoka stesheni kuelekea Mwanga, kuna mlio kama wa filimbi unatoka ubavuni kushoto, na mwendo unapungua kabla ya kilele. Nimempitia yule kijana fundi. Ameusikiliza mara moja tu akasema mkanda unaozungusha gurudumu la nyuma umekwisha, ninunue mwingine, ataagiza Dar.

Nikamuuliza upana wake sasa hivi ni milimita ngapi, na mpya huwa ngapi. Ameinama chini ya meza anatafuta rula.